ABU HURAIRA: SAHABA ALIYEITWA BABA WA KIPAKA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Amma baad. Wazee wa chama chetu walipoazimia kutoa kitabu hiki cha ukumbusho, waliniagiza niandike khabari za maisha ya mmoja katika Masahaba, ili vijana wetu wa Jinja na Mbale wapate kumjua na kumfuata. Nikakaa siku kadhaa nikifikiri nimchague nani, kwani nyota za mbinguni ni nyingi. Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, akanijia binti mdogo katika wanafunzi wa chuo chetu hapa Jinja, naye amefumbata kitu ndani ya ushungi wake. Kilikuwa kipaka wa rangi ya majivu, mdogo sana, anatetemeka, kichwa chake amekificha katika kwapa la yule mtoto. Binti alimwokota nyuma ya maduka, mahali ambapo wavulana walikuwa wakimtupia mawe. Akaniuliza kama ni halali kwake kumchukua nyumbani, kwa kuwa jirani yao amemwambia ya kwamba paka huitia nyumba najisi na kuibatilisha sala.

Nikamjibu kwamba yuko Sahaba mkubwa ambaye jina lake peke yake linatosha kuwa jibu la swali lake. Kisha nikatazama, nikaona hata watu wazima waliokuwapo barazani wanalijua sana jina la Abu Huraira, kwa kulisikia kila Ijumaa mimbarini, lakini wachache wanajua maana yake, na wachache zaidi wanajua alikuwa mtu wa namna gani. Basi nikajua nimekwisha pata mtu wa kumwandika.

NASABA YAKE NA JINA LAKE

Abu Huraira (R.A.) alikuwa mtu wa kabila la Daus, tawi la Azdi, ambao nchi yao ilikuwa kusini ya Bara Arabu, katika milima ya upande wa Yemen. Wanazuoni wamekhitalifiana sana juu ya jina lake la asili. Lililo mashuhuri ni kwamba katika zama za ujahilia aliitwa Abdu Shamsi, yaani mtumwa wa jua, na aliposilimu akaitwa Abdurrahman bin Sakhri. Lakini majina yote hayo yalifunikwa na lakabu yake, hata ikawa watu wa zama zake wenyewe hawamwiti ila kwa hiyo.

Alikulia katika uyatima na umaskini. Alipokuwa kijana alijiajiri kwa bibi mmoja jina lake Busra binti Ghazwan, na ujira wake ulikuwa chakula cha kushibisha tumbo lake na zamu ya kupanda mnyama safarini. Watu wa msafara wakipiga kambi yeye huwahudumia, na wakiondoka yeye huwaongozea ngamia wao kwa kuimba. Mwenyezi Mungu ana mambo yake, kwani baada ya miaka mingi Busra huyo huyo alikuja kuwa mkewe, naye Abu Huraira alikuwa akilitaja jambo hilo kwa kumshukuru Mola wake, wala hakuona haya kutaja ya kuwa alikuwa mtumishi.

KIPAKA WA MTINI

Ama sababu ya lakabu yake, yeye mwenyewe aliulizwa akaieleza, na Imam Tirmidhi ameipokea khabari hiyo. Alikuwa akichunga kondoo na mbuzi wa watu wake, naye alikuwa na kipaka mdogo. Usiku ukiingia humweka juu ya mti, na kukipambazuka humchukua kwenda naye machungani na kucheza naye. Watu walipomwona hivyo kila siku wakamwita Abu Huraira, yaani baba wa kipaka. Neno huraira katika Kiarabu ni udogo wa hirra, ambaye ni paka.

Khabari yenyewe ni fupi, lakini aliyepata kuchunga mifugo katika miteremko ya mlima Masaba ataifahamu vizuri. Usiku wa machungani una mbwa na wanyama wakali, na kiumbe mdogo aliye chini hana salama. Kijana yatima aliyekuwa hana nyumba ya maana alimtafutia mnyonge mwenziwe mahali pa juu, kisha asubuhi hakusahau kwenda kumteremsha. Kama angemtelekeza siku moja tu asingepata jina hilo, kwa sababu lakabu ya namna hiyo haipatikani ila kwa jambo la kila siku.

Na Mtume (S.A.W.) hakulibadilisha jina hilo. Yeye alikuwa na desturi ya kuyaondoa majina mabaya na kuweka mazuri, lakini hili aliliacha, tena mara nyingine akimwita kwa kulifupisha, Abu Hirri. Lau kuwapenda wanyama wadogo kungekuwa ni upungufu wa heshima au wa dini, Mtume wa Mwenyezi Mungu angemtafutia lakabu nyingine.

KUSILIMU KWAKE NA SAFARI YA MADINA

Aliyewaita Wadaus katika Uislamu alikuwa Tufail bin Amri, mshairi na mkubwa wao, ambaye alisilimu Makka kabla ya Hijra. Wengi katika kabila walikawia kumwitikia, lakini Abu Huraira alikuwa katika walioitikia. Mwaka wa 7 wa Hijra, sawa na mwaka 628, alitoka kwao akaelekea Madina, na umri wake ulikuwa yapata miaka thelathini. Alifika wakati Mtume (S.A.W.) yuko katika vita vya Khaibar.

Njiani alikuwa na mtumwa wake, wakapoteana usiku. Siku aliyokuwa amekaa mbele ya Mtume (S.A.W.) akimpa ahadi yake ya Uislamu, yule mtumwa akatokea. Mtume akamwambia kuwa mtumwa wake huyo amekuja. Abu Huraira akamwacha huru pale pale kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia, na hiyo moja aliyokuwa nayo aliitoa siku ya kwanza.

KATIKA UKUMBI WA SUFFA

Madina hakuwa na nyumba wala jamaa, isipokuwa mama yake. Akakaa pamoja na watu wa Suffa. Suffa ulikuwa ukumbi wenye kivuli katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.), nao walikaa humo wageni na mafakiri waliohama kwa ajili ya dini, wasio na watu wa kuwapokea. Idadi yao ilizidi na kupungua. Sadaka ikiletwa Mtume huwapelekea yote, na zawadi ikiletwa hula pamoja nao.

Njaa aliyoipata Abu Huraira katika siku hizo ni kubwa. Alikuwa akijifunga jiwe tumboni. Mara nyingine alianguka akazimia baina ya mimbari na chumba cha Bibi Aysha, na mpita njia akadhani ana wazimu, naye hana wazimu ila njaa. Pamoja na hayo hakuwa mtu wa kunyosha mkono.

Siku moja njaa ilimzidi, akaenda kukaa katika njia wanayopita watu. Akapita Sayyidna Abubakar, naye akamwuliza juu ya aya katika Qurani. Aya ile alikuwa akiijua. Alichotaka ni Abubakar amtambue hali yake na amchukue kwake. Abubakar akamjibu akenda zake. Akapita Sayyidna Umar, akamwuliza vile vile, naye akamjibu akenda zake. Hawakuwa wachoyo, Mungu apishe mbali, bali waliulizwa swali la elimu wakalijibu. Na Sayyidna Umar alipokuja kujua kilichokuwa nyuma ya swali lile alijuta sana, akasema kwamba kumkaribisha siku ile kungekuwa bora kwake kuliko kupata ngamia wekundu, nao ndio waliokuwa mali ya thamani kwa Waarabu.

Kisha akapita Mtume (S.A.W.). Huyu hakungoja swali. Alimtazama usoni, akatabasamu, akajua kilichomo moyoni mwake. Akamwita amfuate nyumbani. Mle ndani akakuta bakuli la maziwa waliloletewa kuwa zawadi. Abu Huraira akatumaini kuwa saa ya kushiba imefika, lakini Mtume akamtuma akawaite watu wa Suffa wote. Moyo wake ukasononeka, akawaza maziwa yale yatafika wapi kwa watu wote wale, lakini hakukuwa na budi kutii. Wakaja, wakaketi, naye akaamrishwa awanyweshe mmoja mmoja. Kila mmoja alikunywa hata akashiba, bakuli likarudi, akampa wa pili, mpaka wakesha wote. Hapo hawakubaki ila yeye na Mtume. Mtume akamwambia akae anywe, akanywa. Akamwambia tena, akanywa. Hakuacha kumwambia mpaka akaapa kwamba hana tena mahali pa kuyapitisha. Ndipo Mtume akalipokea bakuli, akamshukuru Mola wake, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akanywa yaliyobaki.

Ndugu msomaji, nakuomba usimame kidogo katika kisa hiki. Watu wawili walio bora katika umma huu walipitwa na jambo lile kwa sababu walilisikiliza swali, hawakuutazama uso. Wako viumbe wasiosema haja yao. Wengine hawasemi kwa haya, na wengine hawasemi kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuwapa ulimi wa kusema. Mwenye kuwapokea hao ni yule mwenye kutazama kabla ya kuombwa.

MAMA YAKE

Mama yake Abu Huraira alikawia kusilimu. Kila mwanawe akimwita katika Uislamu alikataa, na siku moja alimjibu kwa maneno mabaya juu ya Mtume (S.A.W.). Abu Huraira hakumfokea wala hakumtoa nyumbani. Alikwenda kwa Mtume akilia, akamwomba amwombee mama yake uongofu. Mtume akamwombea. Akarudi mbio kwa furaha, akakuta mlango umeshindikwa. Mama akasikia vishindo vya miguu yake, akamwambia asimame hapo hapo, naye akasikia sauti ya maji yakimwagika. Bibi alikuwa akioga. Akavaa, akafungua mlango, akatamka shahada mbili. Abu Huraira akarudi tena kwa Mtume akilia, lakini safari hii kwa furaha. Mtume akamwomba Mwenyezi Mungu awapendeze yeye na mama yake kwa waja wake waumini.

Na hadi mama yake alipokufa alikuwa mwema kwake. Akitaka kutoka husimama mlangoni pake, humtolea salamu na kumwombea rehema kwa alivyomlea utotoni. Na mama humwombea rehema kwa alivyomtendea wema uzeeni. Nyumba ya utulivu ndiyo kama hiyo, nyumba ambayo aliye mkubwa na aliye dhaifu kila mmoja anajua ya kuwa mwenziwe hamdhuru.

ELIMU YAKE

Hakukaa na Mtume (S.A.W.) ila yapata miaka minne, nayo ni michache. Lakini Hadithi zilizopokewa kwake zimehesabiwa kuwa 5,374, pamoja na zile zilizokaririwa kwa njia mbalimbali, na hakuna Sahaba aliyezidi hesabu hiyo. Watu wa zama zake waliona ajabu, wakamwuliza imekuwaje. Akawaeleza kwamba ndugu zake Muhajirina walishughulika na biashara masokoni, na ndugu zake Ansari walishughulika na mashamba yao, na yeye alikuwa fakiri aliyeshikamana na Mtume kwa kushibisha tumbo lake tu; kwa hiyo alikuwapo walipokuwa hawapo, akahifadhi waliyoyasahau. Tena alimlalamikia Mtume kwamba husahau, naye akamwamuru atandaze shuka yake. Mtume akafanya kwa mikono yake kama achotaye kitu akakitia ndani yake, kisha akamwamuru aikusanye kifuani. Tangu hapo hakusahau.

Wanafunzi wake walizidi 800 kwa hesabu ya Imam Bukhari. Mmoja wao, Hammam bin Munabbih, aliandika kwake daftari lenye Hadithi zaidi ya 130, na daftari hilo lilichapishwa mwaka 1953 na mwanachuoni Muhammad Hamidullah baada ya kupatikana nakala zake za kale Dameski na Berlin.

Naona vijana wetu wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 wangefaa kumkumbuka Sahaba huyu. Wengi wao wametoka mbali, na baadhi yao hulala na njaa wasiseme. Mwenye elimu nyingi kuliko wote katika Hadithi alikuwa mwanafunzi wa namna hiyo.

HADITHI ZAKE ZA HURUMA KWA WANYAMA

Si ajabu kwamba mtu huyu ndiye aliyetupokelea Hadithi kubwa za kuwahurumia wanyama. Yeye ndiye aliyepokea kisa cha msafiri aliyeteremka kisimani kunywa maji, alipopanda akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akateremka tena akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama wana thawabu kwa wanyama pia, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kwamba katika kila kiumbe aliye hai mna thawabu.

Naye pia ni katika waliopokea Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumpa chakula wala maji, wala hakumfungua akajitafutia wadudu wa ardhini, mpaka akafa.

Nami nina jambo juu ya Hadithi hii, nalieleza ili vijana wasilirudie. Nilipokuwa mwanafunzi Mbale, umri wangu yapata miaka kumi na mitatu, nilikaa katika nyumba ya watu, na paka wa nyumba hiyo akazaa vipaka wanne. Nikaamrishwa niwatie katika gunia nikawatupe mbali. Usiku ule kulikuwa na mvua inayoteremka kutoka Wanale, nami nilikuwa na uvivu wa kwenda mbali. Nikaliacha gunia kando ya mfereji, na mdomo wake nimeufunga kwa kamba. Haikupita wiki, mwalimu wetu akatusomesha Hadithi hii. Nilipofahamu neno la kumfunga mnyama bila ya kumwacha ajitafutie, nilitoka darasani nikaenda mbio mpaka mferejini. Sikukuta kitu, maji yalikwisha chukua kila kilichokuwapo. Sasa nimepita miaka hamsini, na kila ninaposomesha Hadithi hii kwa isnadi ya Abu Huraira namwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Ama swali la najisi, jibu lake liko wazi. Abu Katada (R.A.), Sahaba katika Ansari, alikuwa akiwekewa maji ya kutawadha, akaja paka akataka kunywa, naye akamwinamishia chombo. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na Bibi Aysha aliletewa chakula akiwa katika sala, paka akala sehemu yake. Alipomaliza sala akala pale pale alipokula paka. Mkojo wake na mavi yake ni najisi, yaoshwe. Manyoya yake yaliyong'oka, katika madhehebu yetu ya Shafi, machache husamehewa.

Na kwa kuwa dini ni amana, yafaa tuseme pia lisilothibiti. Watu wengi husimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka jina lake Muezza, akakata mkono wa kanzu yake asimwamshe. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Kisa kinachofanana nacho kimesimuliwa juu ya walii Ahmad Rifai, aliyefariki mwaka 578 wa Hijra, ambaye paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, sala ikafika, akaukata mkono ule, na aliporudi akaushona. Vile vile maneno yasemwayo kuwa kumpenda paka ni sehemu ya imani, wanazuoni wamesema si maneno ya Mtume. Hatuna haja ya kumzulia Mtume wetu, kwani yaliyothibiti yanatosha.

UONGOZI WAKE

Katika zama za Sayyidna Umar, Abu Huraira alipewa uliwali wa Bahrain. Aliporudi ana mali, Umar alimhoji kwa ukali, kama alivyowahoji maliwali wake wengine. Akaeleza kwamba ni farasi waliozaana, na pato la watumwa wake, na zawadi zilizomfikia. Mambo yakatazamwa, yakakutwa ni kama alivyosema. Baadaye Umar akamtaka arudi katika kazi ile, naye akakataa.

Katika zama za Muawiya alikuwa akishika mahali pa liwali wa Madina kila Marwan anapoondoka. Watu walimwona akipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiwaambia kwa mzaha wampishe amiri wao njia. Cheo hakikumwondoa katika hali yake ya kwanza. Na nyumbani kwake usiku waliugawa mafungu matatu, yeye na mkewe na mtumishi wao: mmoja husali, kisha humwamsha mwenziwe, hata nyumba ile haikukosa mwenye kusali usiku wote.

KUFA KWAKE

Maradhi ya mauti yalipomfika alilia. Akaulizwa sababu, akajibu kwamba halilii dunia, bali analilia umbali wa safari na uchache wa masurufu yake. Alifariki akiwa na umri wa miaka 78, na wanazuoni wamekhitalifiana katika mwaka wake baina ya 57 na 59 wa Hijra, yaani kati ya mwaka 676 na 679. Alifia Akik, akachukuliwa hadi Madina, akasaliwa na liwali Walid bin Utba, akazikwa Bakii. Mwenyezi Mungu awe radhi naye.

MAFUNZO KWETU

Binti yule wa Jinja nilimruhusu amchukue kipaka wake, kwa idhini ya mama yake, nikampa masharti. Nayaandika hapa, kwani mwenye kumtwaa mnyama ametwaa amana.

Kwanza, kipaka asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane, isipokuwa ameokotwa hana mama. Kumpokea kwa zawadi ni bora kuliko kumnunua, kwani imekuja Hadithi ya kukataza thamani ya paka, ingawa wanazuoni wetu wa Kishafi wameijuzisha biashara yake. Pili, kipaka mwenye woga awekewe pembe yake katika chumba kimoja kisicho na kelele, kwa sanduku na kitambaa, na maji safi, na chombo cha mchanga. Asivutwe akijificha chini ya kitanda. Watoto wakae chini karibu naye, wanyamaze, wasimkazie macho, mpaka aje mwenyewe. Huenda zikapita siku tatu, huenda zikapita wiki tatu. Tatu, apewe chakula kwa saa zile zile kila siku. Samaki au nyama iliyopikwa isiyo na chumvi wala miba. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Nne, sumu ya panya isiwekwe katika nyumba yenye paka, kwani akila panya aliyekula sumu naye hufa. Tano, apelekwe kwa daktari wa mifugo apigwe sindano ya kinga ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia, naye akiuma humwambukiza mtu.

Baada ya mwezi na siku nilipita nyumbani kwao. Bibi yake yule mtoto, aliyekuwa wa kwanza kupinga, alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele, na kipaka amelala juu ya upindo wa leso yake. Bibi akanionyesha kwa ishara ya mkono nisiseme kwa sauti.

Ndugu zangu wa Jinja na Mbale, chama chetu kimeundwa kwa ajili ya kusaidiana. Tunazo daftari za wanaoomba msaada, na ni jambo jema. Lakini nahofia wale wasiokuja kuomba. Katika mitaa yetu yumo mjane anayetuuliza mas'ala ya dini na jungu lake halijapanda motoni. Yumo aliyesilimu juzi na jamaa zake wamemfukuza. Yumo mwanafunzi anayekaa nyuma ya msikiti mpaka watu wote waondoke. Tukijibu maswali yao tu tukenda zetu, tutakuwa tumepitwa. Tumwige Mtume wetu (S.A.W.), tutazame nyuso. Na mwenye kuwafundisha watoto wake leo kumtambua mnyama mdogo aliye na hofu na kumpa nafasi, amewafundisha kumtambua mwanadamu kesho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyumba zenye utulivu na nyoyo zenye huruma, na atukusanye pamoja na Mtume wake, na watu wa Suffa, na Abu Huraira aliyekuwa baba wa kipaka. Amin.